GPS haiyajui maji: namna ya kupima mwendo halisi wa boti Mombasa

Siku ya bamvua, boti inayotoka Bandari ya Kale saa mbili asubuhi kuelekea bahari kuu humpa nahodha furaha ya bure. Maji yanakupwa, mkondo unatoka Tudor na kupita chini ya Fort Jesus, na GPS kwenye simu inaonyesha noti nane. Boti hiyohiyo ikirudi saa kumi na mbili jioni, maji yameshaanza kupwa tena. Nahodha hajagusa mafuta, mashine inalia vilevile, lakini GPS inasema noti nne na nusu. Abiria wanatazamana, na baharia anaanza kuchungulia mashine.

Mashine haina kosa. GPS hupima mwendo wa chombo juu ya ardhi, yaani unahama upesi kiasi gani kutoka alama moja ya pwani hadi nyingine. Haina habari kwamba maji yenyewe yanatembea. Mwendo ambao mashine inautolea jasho ni ule wa mbao ndani ya maji, na huo una kifaa chake: kihisi kinachotuma mawimbi ya sauti yasiyosikika na masikio. Makala haya ni ya mwenye boti, nahodha au fundi anayetaka kukichagua kifaa hicho, kukifunga, kukisawazisha na kukitumia katika maji ya Kisiwa cha Mombasa.

Kwa nini upime mwendo wa majini

Noti moja ni maili moja ya baharini kwa saa, yaani mita 1,852, au nusu mita na ushei kwa sekunde. Kwenye ziwa tulivu, mwendo wa ardhi na mwendo wa majini ni kitu kimoja. Mombasa si ziwa. Kisiwa kimezungukwa na mikono ya bahari, Tudor kaskazini na Kilindini hadi Port Reitz kusini, na siku za bamvua maji hupanda na kushuka zaidi ya mita tatu kila baada ya saa sita na kidogo. Maji yote hayo hupita kwenye milango myembamba, Likoni upande mmoja na Nyali upande wa pili. Ukitoka nje ya miamba, unakutana na mkondo wa Afrika Mashariki unaoelekea kaskazini na ambao huongezeka nguvu wakati wa kusi.

Kwa hiyo namba ya GPS ni jumla ya vitu viwili: kazi ya mashine na kazi ya mkondo. Ukiwa na mwendo wa majini pia, unaweza kuvitenganisha. Utajua kama boti imepungua nguvu au imekabwa na maji tu, utajua mkondo una kasi gani pale ulipo, na utajua kama mafuta yanaenda kwenye safari au yanaenda kwenye uchafu ulioganda chini ya boti.

Meli kubwa hazina hiari katika jambo hili. Sura ya tano ya mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini, SOLAS, inazitaka meli za tani 300 na zaidi, na za abiria za ukubwa wowote, ziwe na kipimo cha mwendo na masafa ndani ya maji. Zile za tani 50,000 na zaidi hutakiwa kupima pia mwendo juu ya ardhi, wa mbele na wa ubavuni. Sababu moja ni rada: ili kuhukumu kama vyombo viwili vitagongana, nahodha anahitaji kujua kila kimoja kinakata maji kuelekea wapi na kwa kasi gani.

Chagua aina inayokufaa

Kipimo cha zamani kwenye boti ndogo ni kigurudumu chenye mapezi kinachozungushwa na maji. Ni rahisi kwa bei, lakini katika maji yetu ya vuguvugu hakikawii kuota mwani na chaza. Boti ikilala wiki kadhaa bila kutoka, kigurudumu hugoma. Vihisi vya sauti havina kitu cha kuzunguka. Viko vya namna tatu.

*Cha Doppler.* Kihisi hutuma sauti ya masafa ya juu kwa mshazari, kuelekea chini na mbele. Sauti hiyo hugonga vijidudu, mchanga mwembamba na chembechembe zilizomo majini, kisha hurudi ikiwa imebadilika kidogo, kama honi ya matatu inavyobadilika sauti inapokukaribia na inapokupita. Chukua kihisi cha megahezi moja kilichoinamishwa digrii 60 kutoka usawa wa maji. Katika maji ya Mombasa, ambamo sauti hukimbia karibu mita 1,540 kwa sekunde, kila noti moja ya mwendo huleta tofauti ya hezi 330 hivi. Hiki ndicho kinachopendwa kwenye meli kubwa, kwa sababu husoma maji yaliyo mbali na bodi. Kwenye maji mafupi, vingi vyaweza pia kusoma sakafu ya bahari na kutoa mwendo wa ardhi. Hakikisha kimewekwa kusoma maji, la sivyo utakuwa umenunua GPS ya pili.

*Cha kulinganisha mwangwi.* Vichwa viwili vya sauti hukaa kwenye mstari mmoja, kimoja mbele na kingine nyuma. Cha mbele husikia mpangilio wa chembe zinazopita chini yake, na cha nyuma husikia mpangilio uleule baada ya muda mfupi. Kama vichwa vimeachana sentimita 10 na ucheleweshaji ni sekunde 0.04, maji yanapita kwa mita 2.5 kwa sekunde, yaani noti tano kasorobo hivi. Hesabu hii haijali sauti inakimbia kwa kasi gani majini, hivyo haisumbuliwi na joto wala chumvi. Kwa boti ndogo na za wastani, aina hii ndiyo ya kutafuta kwanza.

*Cha kupishanisha sauti.* Vichwa viwili hutazamana, na kila kimoja humtumia mwenzake sauti. Ile inayokwenda na maji huwahi, inayokwenda kinyume huchelewa. Kwa umbali wa sentimita 20, tofauti ya noti moja ni sehemu 87 tu za bilioni moja ya sekunde, kwa hiyo kinategemea kifaa makini sana cha umeme. Vichwa vyake pia hujitokeza nje ya bodi, na boti inayokalishwa mchangani maji yakipwa itavivunja siku moja.

Kabla ya kulipa, muulize muuzaji mambo manne: kinatoa data kwa mfumo gani na je, kioo chako cha kuonyeshea vipimo kitausoma, kinaingia kwenye tundu la ukubwa gani (milimita 51 ni kipimo cha kawaida, na kama boti ina kigurudumu cha zamani unaweza kutumia tundu lilelile), kinaanza kusoma kuanzia noti ngapi, na je, kinaweza kuchomolewa kwa ndani boti ikiwa majini. Hili la mwisho litakuokolea gharama ya kupandisha chombo kila kihisi kikihitaji kusafishwa.

Mahali pa kukiweka

Kihisi kizuri kikiwekwa mahali pabaya ni kioo cha mapambo. Kinataka maji yasiyochafuliwa na chombo chenyewe. Maji yanayogusa bodi huburutwa nayo, na ukanda huo unaoburutwa hunenepa kadiri unavyotoka omo kwenda tezi. Kihisi kilichokaa nyuma sana husoma maji yaliyokwisha kuzoea kusafiri na boti, na mwendo hutoka mdogo. Lakini ukikisogeza mbele kupita kiasi, omo likipiga mawimbi hukifunika kwa mapovu, na sauti haipiti kwenye hewa.

- Kwa mashua au jahazi la mashine, weka kiasi cha theluthi moja ya urefu wa chombo kutoka omo, pembeni kidogo ya mkuku, mahali ambapo hubaki ndani ya maji hata chombo kikiwa hakina mzigo.
- Kwa boti ya kasi ya faiba inayonyanyuka juu ya maji, omo lote huwa hewani, kwa hiyo kihisi hukaa nyuma, karibu na mstari wa kati, mbele ya panga la mashine.
- Epuka kukiweka nyuma ya tundu la kutolea maji, ubao uliojitokeza, kichwa cha msumari au kiraka.
- Kiweke mbali na kipimo cha kina. Vyote viwili hupiga sauti, na vikikaribiana husikilizana badala ya kusikiliza maji.
- Mshale ulio juu ya kihisi uelekee omo, sambamba na mkuku. Kikipinda digrii 10 hupoteza kama asilimia moja na nusu, na kikipinda digrii 20 hupoteza asilimia sita.

Kukifunga

Kazi hii hufanywa boti ikiwa nchi kavu. Kwa wengi hapa, maana yake ni kuikalisha pwani siku za bamvua na kufanya kazi kabla maji hayajarudi. Siku hizo maji hukauka mnamo saa nne asubuhi na kujaa mnamo saa kumi alasiri. Ukianza saa tatu una saa chache tu za uhakika, na gundi inahitaji muda wa kukauka. Kama huna hakika ya kumaliza, pandisha chombo juu kabisa.

Angalia mwili wa chombo umetengenezwa kwa nini. Kwenye mbao tumia ganda la kihisi la bronzi, kamwe usitumie la plastiki, kwa sababu mbao hufura zikinywa maji na zinaweza kulipasua. Kwenye faiba, plastiki inafaa. Kwenye chuma, tumia plastiki, au chuma cha pua kilichotenganishwa na bodi kwa bushi, kwani metali mbili tofauti zikikutana kwenye maji ya chumvi moja huila nyingine.

Toboa kwanza tundu dogo kutoka ndani ili uhakikishe hakuna taruma wala waya mahali hapo. Kisha toboa kwa msumeno wa duara kutoka nje. Paka kingo za mbao kinga ya maji, zikaushe, jaza gundi ya baharini kuzunguka ganda, kisha kaza kwa mkono na robo mzunguko wa spana. Wakati wa kuishusha, mtu mmoja abaki ndani akitazama tundu hilo, na arudi kuliangalia tena baada ya saa moja. Weka kizibo cha akiba karibu na kihisi, kifungwe kwa kamba palepale. Kama boti ina leseni ya kubeba abiria, mweleze mkaguzi kwamba kuna tundu jipya chini ya maji.

Usoni pa kihisi paka rangi ya kuzuia uchafu yenye asili ya maji, koti moja jembamba tu. Rangi zenye kiyeyushi kikali huila plastiki yake, na koti nene lenye mapovu huziba sauti.

Jaribio la kwanza: kifuu

Usiondoke gatini kabla ya kulifanya hili. Boti ikiwa imefungwa omo na tezi, ikitazama mkondo, kihisi kinatakiwa kuonyesha kasi ya mkondo wakati GPS inaonyesha sifuri. Chukua kifuu cha nazi, kijaze maji nusu ili kizame karibu chote na upepo usikisukume. Kidondoshe omo, upande wa baharini, na umpe mwenzako aliye tezi kazi ya kusema kimefika. Gawa mita kwa sekunde, kisha zidisha kwa 1.94 upate noti. Boti ya mita 12 ikipitwa na kifuu kwa sekunde 12, mkondo ni mita moja kwa sekunde, noti mbili kasoro kidogo. Rudia mara kadhaa na uchukue wastani. Kihisi kikisema 0.3 wakati kifuu kinasema 1.9, tatizo si la kusawazisha: kimegeuzwa, kimezibwa, au kiko nyuma ya kitu kinachovunja maji. Mabaharia wa zamani walipima mwendo kwa njia hiihii, na bado haijapitwa na wakati.

Kusawazisha

Hata kihisi kilichofungwa vizuri husoma kwa makosa ya asilimia kadhaa, kwa sababu kila bodi huyasukuma maji kwa namna yake. Kukisawazisha unahitaji GPS, mashine inayotulia kwenye mzunguko mmoja, na maji yenye nafasi. Usifanye Likoni kwenye njia ya feri, wala kwenye mlango wa Kilindini zinakopita meli kubwa. Ndani ya Tudor, ukishapita daraja la Nyali, pana nafasi, lakini chagua wakati maji yamejaa, maana kingo zake zina matope na mikoko, na boti inayokwenda juu ya maji mafupi hukabwa na kutoa kipimo cha uongo. Siku bora ni ya maji mafu, upepo ukiwa mdogo.

1. Weka mashine kwenye mzunguko mmoja, tuseme 1,800 kwa dakika, na usiuguse tena.
2. Nenda mstari ulionyooka kwa dakika tatu au nne. Andika GPS na kihisi kila nusu dakika, kisha chukua wastani.
3. Geuka, subiri boti irudishe mwendo wake, rudi kwenye mstari uleule kinyume.
4. Geuka tena na ufanye mara ya tatu, kwa mwelekeo ule wa kwanza.

Kwa nini tatu na si mbili? Kwa sababu mkondo hubadilika unapopima. Ukienda na kurudi mara moja tu, badiliko hilo huingia kwenye jibu. Mara ya tatu hulifuta, mradi safari ya katikati uihesabu mara mbili.

Tuseme GPS imetoa 8.0, kisha 4.6, kisha 7.6. Hesabu ni 8.0 + 4.6 + 4.6 + 7.6, jumla 24.8. Gawa kwa nne, unapata 6.2. Huo ndio mwendo wa kweli wa boti ndani ya maji. Kihisi kilikuwa kinasema 5.8 safari zote tatu. Gawa 6.2 kwa 5.8, unapata 1.07. Ingiza asilimia 107 kwenye kioo. Kisha rudia zoezi kwa mwendo wa polepole na kwa mwendo wa juu, kwa sababu sahihisho la noti tatu si lazima lifae noti tisa. Vioo vingi hukubali kuhifadhi zaidi ya moja.

Kama kihisi chako ni cha Doppler, angalia kama kina kipimajoto na kama unaweza kukiambia chumvi ya maji. Kifaa kilichopangwa kwa sauti ya mita 1,500 kwa sekunde kitasoma pungufu karibu asilimia mbili na nusu katika maji yetu ya joto. Wakati wa masika, mito ya Kombeni na Tsalu ikimwaga maji baridi ndani ya Tudor, kosa hilo hubadilika.

Kinapoonyesha mambo ya ajabu

- *Namba inarukaruka:* mapovu. Kagua kama hutokea kwenye mawimbi tu au hata kwenye maji matulivu. Ikiwa hata kwenye matulivu, kihisi kimekaa mahali pabaya.
- *Namba inapotea nje ya miamba:* maji huko ni safi, na chembe za kurudisha sauti ni chache. Ndani ya Tudor, penye tope, kitasoma vizuri. Si kosa la kifaa.
- *Namba inashuka polepole kwa wiki:* utelezi usoni pa kihisi au chini ya boti. Futa kihisi kwa kitambaa laini na maji ya sabuni, usikikwangue kwa kisu.
- *Sifuri ghafla:* anza na plagi na fyuzi. Chumvi hula viunganishi kabla haijala kitu kingine.

Namba hizo uzitumie

Andika kwenye batli kila safari: mzunguko wa mashine, mwendo wa majini, mwendo wa GPS, hali ya maji, mzigo. Kisha zifanye kazi.

Toa mwendo wa majini kwenye wa GPS, upate mkondo. Baada ya miezi michache utakuwa na jedwali lako mwenyewe la mkondo wa Nyali na wa Likoni kwa kila saa ya maji kujaa na kupwa, kitu ambacho jedwali la kupwa na kujaa peke yake halikupi. Faida yake ni pesa. Boti ya noti sita yenye safari ya maili sita hutumia saa moja na nusu ikipingwa na mkondo wa noti mbili, na dakika 45 ikisukumwa nao. Ni mafuta nusu kwa safari ileile, na bei yake ni kusubiri gatini.

Tumia namba kuchagua mwendo pia. Kwa chombo kizito kisichonyanyuka juu ya maji, nguvu inayohitajika hupanda kwa mchemraba wa mwendo. Ukipunguza mwendo wa majini kwa asilimia 10, mashine huhitaji nguvu pungufu kwa karibu asilimia 27, na hata ukihesabu muda ulioongezeka, mafuta ya safari hupungua kwa takribani asilimia 19. Hesabu hiyo huwezi kuiongoza kwa GPS, kwa sababu mkondo utakudanganya kila siku kwa namna nyingine.

Zaidi ya yote, weka namba moja ya kulinganishia: boti ikiwa imetoka kusafishwa na kupakwa rangi, tanki nusu, bila abiria, mashine kwenye mizunguko 1,800. Tuseme ni noti 6.2. Rudia jaribio hilo kila mwezi katika hali hiyohiyo. Ikishuka hadi 5.7, futa kwanza uso wa kihisi na upime tena. Ikibaki 5.7, ikalishe boti bamvua ijayo na usugue chini. Isiporudi baada ya hapo, kagua panga. Fundi wa mashine aitwe wa mwisho, na akifika mpe batli aisome kabla hajafungua bolti hata moja.